Mazungumzo ya Wakili na Mahabusu ni Amana ya Mahabusu

Hotuba kwa mawakili vijana na wasaidizi wa sheria, Chake Chake, Pemba

Waheshimiwa Mahakimu, mawakili wenzangu, maofisa wa Polisi na wa Chuo cha Mafunzo mlioitikia mwaliko, na wasaidizi wa sheria kutoka wilaya zote nne za Pemba, Assalamu alaykum.

Nimeombwa nizungumzie taratibu za wakili kukutana na mtu anayeshikiliwa kwa tuhuma za jinai. Mada hii huzungumzwa mara nyingi kama ugomvi baina ya mawakili na Polisi, wakili akidai aingie na askari akidai wakili asubiri, na kila upande ukiondoka na hisia kwamba umedharauliwa. Mimi naomba tuiangalie kwa njia nyengine. Haki ya kuonana na wakili ni ya mahabusu. Si ya wakili. Wakili akizuiliwa kaunta, aliyenyimwa kitu ni yule aliyeko ndani, ambaye pengine hata hajui kwamba kuna mtu amefika kwa ajili yake. Na kwa kuwa haki si yake, wakili hana mamlaka ya kuisamehe, kuipunguza, wala kuitoa kama hisani ili aendelee kupendwa kituoni. Ameikamata kama amana. Karibu yote nitakayoyasema leo yanatoka hapo.

Kwanza tujue tunasimama juu ya sheria gani, kwa sababu hapa Zanzibar jambo hili lina mkunjo wake. Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano. Mwenendo wa kesi za jinai si jambo la Muungano: tuna Sheria yetu ya Mwenendo wa Jinai, Namba 7 ya 2018, tuna Sheria ya Adhabu, Namba 6 ya mwaka huo huo, na tuna Sheria ya Ushahidi, Namba 9 ya 2016. Chuo cha Mafunzo, ambacho wenzetu wa Bara wangekiita Magereza, ni miongoni mwa vikosi maalum vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Maana yake ni kwamba mtuhumiwa mmoja, kwa kosa moja, anaweza kulala usiku wa kwanza chini ya ofisa anayewajibika kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na wiki inayofuata akawa chini ya Kamishna wa Chuo cha Mafunzo anayewajibika kwa Serikali ya Zanzibar. Barua ya malalamiko iliyopelekwa kwa mkuu asiyehusika hukaa mezani mpaka ikasahauliwa. Nimewaona pia vijana waliotoka kusoma Dar es Salaam wakifika kaunta ya kituo hapa kisiwani na kumsomea askari vifungu vya sheria ya Bara ya 1985 kwa sauti ya kujiamini kabisa. Askari mzoefu husikiliza, hutabasamu, kisha humwambia kijana akae kwenye benchi. Ana haki ya kutabasamu.

Juu ya sheria hizo zipo Katiba mbili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa, inataka heshima ya mtu ilindwe katika shughuli zote za upelelezi wa jinai, na inapiga marufuku mateso na adhabu za kinyama. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na usawa mbele ya sheria. Kisha ipo mikataba tuliyojifunga nayo: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliridhia 1976, unaotaka mshitakiwa apate muda na nyenzo za kutosha kutayarisha utetezi wake na kuwasiliana na wakili aliyemchagua mwenyewe, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao ibara yake ya 7 inataja haki ya kujitetea na ya kuchagua wakili.

Mikataba hiyo inasema kwa maneno mapana. Ukitaka maelezo ya karibu zaidi, ya mlango na kiti na askari, utayapata katika Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Nafasi ya Mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, na katika Kanuni za Mandela za 2015, ambazo ndizo kanuni za kiwango cha chini cha kuwatendea wafungwa na mahabusu. Zote mbili zinasema jambo lile lile: wakili apewe nafasi ya kumtembelea mtu anayeshikiliwa na kushauriana naye bila ya kucheleweshwa, bila ya mazungumzo kuingiliwa au kuchujwa, na kwa usiri kamili, na askari anaweza kuwa pahala anapowaona, lakini asiwe pahala anapowasikia. Kuona kunaruhusiwa, kusikia hakuruhusiwi. Sijawahi kukutana na kanuni ya mwenendo wa jinai iliyo rahisi kueleweka kuliko hii, na sijawahi kukutana na inayovunjwa kwa upole kama hii.

Naomba nikae kidogo kwenye huo upole, kwa sababu ndiyo shida yetu hasa. Visiwani petu wakili hafiki kituoni kama mgeni. Mkuu wa kituo alisoma naye skuli. Mpelelezi ni mtoto wa mama yake mdogo, au ameoa kwa jirani yake. Askari wa zamu amemkaribisha vizuri, amempa kiti, amemtolea mahabusu bila ya kumzungusha, kisha amekivuta kiti cha tatu akakaa nao mle mle ndani, magoti karibu yagusane, huku akichezea ufunguo wa selo na kutazama nje ya dirisha kama mtu asiyesikiliza. Hapo wakili anaingiwa na muhali. Amwambieje mtu aliyemfanyia wema wote huo kwamba atoke? Basi anaongea yale yanayoongeleka. Anamuuliza mahabusu hali yake, anamwambia awe na subira, anamwambia familia inamsalimia, na baada ya dakika kumi anaaga. Kwenye kitabu cha kituo imeandikwa kwamba mtuhumiwa ameonana na wakili wake. Na kesho mwendesha mashitaka akiulizwa mahkamani, atajibu kwa ukweli kabisa kwamba mtuhumiwa alipata wakili tangu siku ya kwanza.

Kikao kama hicho ni kibaya kuliko kukosa kikao. Aliyenyimwa wakili ana hoja ya kupeleka mbele ya Hakimu. Aliyepewa wakili mbele ya askari hana hoja, na wala hana ushauri. Mahabusu aliyepigwa hatosema kwamba amepigwa wakati aliyempiga, au mwenzake, amekaa hatua mbili kutoka kwake. Mahabusu aliyetia saini karatasi asiyoijua hatouliza ilikuwa karatasi gani. Kwa hiyo nawaomba, hasa nyinyi vijana, mzoee kusema sentensi moja, kwa adabu na bila ya kupandisha sauti: "Afande, nashukuru kwa kunipokea, naomba utuache peke yetu, ukae pahala unapotuona, mlango ukiwa wazi ukipenda." Isemeni kabla hamjakaa, kwa sababu ukishakaa na mazungumzo yakaanza, inakuwa vigumu zaidi kumnyanyua mtu. Na mkikataliwa, msiendelee na mazungumzo ya kesi. Mwambieni mahabusu, askari akisikia, kwamba mtazungumza naye mambo ya kesi siku mtakapokuwa peke yenu, na kwamba mpaka siku hiyo halazimiki kueleza lolote. Hilo askari analisikia, na ni vizuri alisikie.

Maofisa mliopo mtaniuliza kuhusu usalama, na ni suali la haki. Mahabusu anaweza kukimbia, anaweza kumdhuru wakili, na wapo pia mawakili wanaopitisha vitu wasivyopaswa kuvipitisha. Jibu la wasiwasi huo ni macho, upekuzi wa heshima kabla na baada ya kikao, na chumba chenye mlango mmoja na kioo. Sikio halizuii mtu kukimbia.

Nije kwenye muda. Kanuni za Havana zinasema kwamba mtu apate kuonana na wakili haraka, na kwa vyovyote isizidi saa 48 tangu kukamatwa au kuwekwa kizuizini. Watu huishika hiyo 48 kama kwamba ndiyo kipimo cha kufikia. Ni ukingo wa mwisho, na kwetu sisi ni ukingo uliopitwa na wakati kabla haujafika, kwa kuwa mtu aliyekamatwa anatakiwa afikishwe mahkamani ndani ya saa 24. Ukimsubirisha wakili mpaka saa ya 47, mtuhumiwa ameshahojiwa, maelezo yake ya onyo, yaani yale anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yameshaandikwa na kutiwa saini, na pengine ameshasimama mbele ya Hakimu. Sheria ya wenzetu wa Bara imeweka muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi kuwa saa nne, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu maalum. Ukiuangalia muda huo utaona mambo mazito hutokea lini. Hutokea mapema, wakati familia bado inauliza kwa sheha mtoto wao kapelekwa kituo gani.

Karatasi ya maelezo ya onyo ndiyo inayoamua kesi nyingi. Mtu anaweza kuikana mahkamani, na mahkama itafungua kesi ndani ya kesi kuchunguza kama aliyatoa kwa hiari, lakini kila anayefanya kazi hii anajua jinsi ilivyo vigumu kuifuta saini iliyokwisha wekwa. Mwaka 2008 Mahkama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la kijana wa Uturuki anayeitwa Salduz, aliyehojiwa na polisi akiwa na umri wa miaka 17 bila ya wakili na akakiri, kisha akayakana maelezo yake. Mahkama ilisema kwamba kwa kawaida mtuhumiwa apate wakili tangu mahojiano ya kwanza ya polisi, kwa sababu madhara ya kumkosa saa ile hayaondoki kwa kupewa wakili baadaye. Uamuzi huo haufungi mahkama zetu. Lakini hoja yake haina utaifa.

Kwa hiyo wakili anayepigiwa simu Ijumaa alasiri asiseme atakwenda Jumatatu. Ijumaa alasiri ndiyo saa inayopendwa kwa kukamata watu, kwa sababu ambazo sina haja ya kuzieleza mbele ya hadhara inayozijua. Akishindwa kwenda mwenyewe amtume mwenzake. Najua kwamba mawakili wengi wako Unguja na kwamba wa Pemba ni wachache. Najua kwamba boti haiji kila saa. Ndiyo maana nitarudi kwa wasaidizi wa sheria baada ya muda mfupi.

Kabla ya hapo nataka tutupe jicho kwa wengine, si kwa kutafuta wa kumuiga, bali kwa kuangalia haki hii huwa inavunjikia wapi. Nchini China, sheria yao ya mwenendo wa jinai kama ilivyorekebishwa 2018 inamtaka wakili aende na nyaraka tatu: leseni yake ya uwakili, cheti kutoka ofisi yake ya uwakili, na hati ya kuteuliwa na mteja au barua ya msaada wa kisheria. Akizionesha, nyumba ya mahabusu inatakiwa iandae kikao ndani ya saa 48, na mazungumzo hayaruhusiwi kusikilizwa. Ukisoma hapo tu utasema ni kanuni nzuri, iliyo wazi kuliko nyingi. Lakini sentensi inayofuata inasema kwamba kwa tuhuma za kuhatarisha usalama wa taifa na za ugaidi, wakili apate kwanza kibali cha chombo kinachopeleleza. Yaani anayeamua kama wakili aingie ni yule yule ambaye wakili anakwenda kumkinga mteja naye. Japani, kifungu cha 39 cha sheria yao kinampa mtuhumiwa haki ya kuonana na wakili bila ya ofisa kuwepo, kisha kinampa mwendesha mashitaka au polisi uwezo wa kupanga siku, pahala na muda wa kikao kabla ya mashitaka kufunguliwa, pale upelelezi unapohitaji. Mawakili wa huko waliupinga uwezo huo kwa miaka mingi, na Mahkama ya Juu ikasema mwaka 1999 kwamba haukiuki Katiba. Na tukumbuke kwamba huko mtu anaweza kushikiliwa hadi siku 23 kwa tuhuma moja kabla hajashitakiwa.

Uingereza wana sheria ya 1984 ya mamlaka ya polisi na ushahidi wa jinai. Nao wameweka mwanya wa kuchelewesha wakili, lakini angalieni ulivyobanwa: uwe kwa makosa mazito tu, uidhinishwe na ofisa wa cheo cha mrakibu au zaidi, sababu ziwe zile zilizotajwa na sheria, ziandikwe, na ucheleweshaji usizidi saa 36. Sisemi kwamba saa 36 ni chache. Nasema kwamba pakiwa na jina la aliyekataa, cheo chake, sababu yake na saa ya mwisho, wakili ana kitu cha kushika mkononi. Mlango unaofungwa kwa maneno "mkuu katoka, njoo kesho" hauna jina wala saa, na kwa hivyo hauna pa kuushitakia.

Na hapa nakuja kwenye kazi ambayo ni yetu, mawakili. Mkikataliwa, andikeni. Usitoke kituoni ukaenda kulalamika barazani. Kaa kwenye lile benchi, toa karatasi, andika jina la mahabusu, saa uliyofika, jina na namba ya askari uliyemkuta, ulichoomba, ulichojibiwa kwa maneno yake, na saa uliyoondoka. Muombe apokee nakala na atie saini. Akikataa kutia saini, andika kwamba amekataa. Karatasi hiyo moja utaiambatanisha na barua kwa Mkuu wa Polisi wa Mkoa, utaionesha kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashitaka, utaisoma mbele ya Hakimu siku mahabusu atakapofikishwa, na ikibidi utaiweka kwenye hati ya kiapo Mahkama Kuu, ukiomba anayemshikilia mtu amlete na aeleze kwa sababu gani anamshikilia. Mara nyingi haitofika huko. Mara nyingi askari akiona kalamu imetoka, mkuu aliyekuwa ametoka hurudi.

Lakini amana ina upande wa pili, na huu mawakili hatupendi kuuzungumza. Kinachotupa haki ya kukaa na mahabusu bila ya kusikilizwa ni kule kuaminiwa kwamba tunakwenda kwa ajili ya utetezi. Mama anafika na bakuli la chakula na kijikaratasi kimekunjwa mara nne. Anasema ni salamu tu. Anamuomba wakili ampe mwanawe kwa sababu askari watamsumbua. Wakili asikipokee. Chakula kina utaratibu wake kaunta, dawa zina utaratibu wake, na kijikaratasi hicho kinaweza kuwa salamu kweli, kinaweza pia kuwa maelekezo kwa mtu mwengine ambaye bado hajakamatwa. Simu nayo: usiingie na simu na kumpa mahabusu azungumze na nyumbani kwa dakika mbili kwa huruma. Siku utakayofanya hivyo umempa kila askari wa kituo kile sababu ya kukaa na wewe chumbani, wewe na mawakili watakaokuja baada yako.

Tena swali la nani mteja. Anayelipa mara nyingi ni kaka, mjomba au tajiri wa kazi. Anayelipa anataka kujua kasema nini. Kwa desturi zetu, mkubwa wa familia akiuliza ni vigumu kumnyima jibu. Lakini aliyoyasema mahabusu ni yake, na wakili hana ruhusa ya kumpa mtu mwengine bila ya idhini yake, hata kama mtu huyo ni baba mzazi na amekuja na ada yote kwa mara moja. Nimeshuhudia kesi ambazo aliyekuwa analipa ndiye aliyekuwa na hofu kubwa ya kutajwa. Hali ni ngumu zaidi wanapokamatwa watu kadhaa pamoja, tuseme mabaharia watano wa chombo kimoja kilichokutwa na mzigo, na tajiri wa chombo akamleta wakili mmoja kwa wote. Huyo wakili akimsikiliza wa kwanza akamwambia kwamba mzigo ni wa wa tatu, atamshauri nini huyo wa tatu? Aonane na kila mmoja peke yake, na maslahi yakianza kugongana ajitoe, na ajitoe mapema.

Katika kesi za udhalilishaji wa wanawake na watoto, ambazo zinatujaa mahkamani, napenda nitamke jambo hili wazi. Mtuhumiwa wa kosa hilo ana haki ya wakili na ya faragha sawasawa na mtuhumiwa mwengine yeyote, na anayeona uchungu kulisikia hilo avumilie. Lakini faragha hiyo haitumiki kupanga sulhu na familia ya mtoto, wala kupeleka ujumbe kwa sheha, wala kutafuta nani atazungumza na nani ili shahidi asifike. Wakili anayetoka kwenye chumba cha mahabusu na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa mlalamikaji hatetei mtu.

Baada ya mahkama kumpeleka mtu rumande, tunahamia Chuo cha Mafunzo, na hapo shida hubadilika. Kwa kawaida faragha ni nafuu kidogo na haraka imepungua, lakini umbali umezidi. Mahabusu anaweza kuwa Kilimani, Unguja, na familia yake iko Kojani. Makosa yasiyo na dhamana yanaweza kumuweka mtu ndani muda mrefu sana. Tunaikumbuka sote kesi ya uhaini ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, ambao walianza kukamatwa mwishoni mwa 1997 na kuachiwa Novemba 2000. Mwezi huo huo Mahkama ya Rufani ilisema kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola peke yake. Hoja kubwa ya kesi ile ilikuwa ya kikatiba, lakini mteja anayesubiri miaka ndani anahitaji wakili anayerudi. Kanuni za Mandela zinataka mahabusu apewe vifaa vya kuandikia kwa ajili ya utetezi wake, pamoja na maelekezo ya siri kwa wakili wake. Mpelekeeni daftari na kalamu kupitia uongozi wa Chuo, na muhakikishe kwamba daftari hilo halisomwi.

Sasa wasaidizi wa sheria. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya 2018, na bila ya nyinyi isingefika Micheweni. Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2015, katika shauri la Alex Thomas, aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila ya kupewa wakili, kwamba Tanzania ilikiuka haki yake kwa kutompatia msaada wa kisheria. Njia ya mtu binafsi kupeleka shauri moja kwa moja kwenye mahkama hiyo imefungwa, baada ya nchi yetu kuondoa mwaka 2019 tamko lake la kuiruhusu njia hiyo, lakini wajibu wenyewe haukuondoka. Nyinyi ndio mnaofika kituoni kabla ya wakili. Nawasihi jambo moja: msimuulize mahabusu kilichotokea. Muulizeni jina, umri, afya, saa aliyokamatwa, kama ameelezwa kosa, kama ametia saini kitu chochote, nani aarifiwe nyumbani, na kama anataka wakili. Andikeni hayo, mpigieni wakili simu. Hadithi ya tukio iacheni isimuliwe kwa wakili peke yake, kwa sababu mkiijua mnaweza kuitwa kuieleza, na sitaki mkae kwenye kizimba cha mashahidi mkijaribu kukumbuka kama mliwahi kuahidi siri.

Kwa mtoto anayeshukiwa, Sheria ya Mtoto ya 2011 iwe mkononi tangu mwanzo, mzazi au mlezi awepo, na mtoto asichanganywe na watu wazima. Kwa mgeni asiyejua Kiswahili, na kwa kiziwi, hakuna kikao bila ya mkalimani, na mkalimani naye anafungwa na siri. Asiwe askari wa kituo hicho, hata kama ndiye pekee anayejua Kitaliano.

Maofisa wetu, ninayo maombi mawili kwenu kabla ya kukaa. La kwanza ni chumba. Kila kituo cha wilaya kiwe na chumba kimoja kidogo chenye mlango wa kioo, au hata dirisha la kioo kwenye mlango wa mbao, meza na viti viwili. Viwili tu, maana cha tatu kikiwepo kitakaliwa. Pale ambapo hakuna chumba, ua wa kituo chini ya mwembe unatosha, mradi askari asimame upande wa pili wa ua. La pili ni kitabu. Kwenye kitabu cha mahabusu iongezwe safu mbili: saa ambayo mahabusu au ndugu zake waliomba wakili, na saa ambayo wakili alikutana naye peke yake. Hakimu anaweza kukiitisha kitabu hicho na kukisoma kwa dakika moja, na askari aliyefuata utaratibu atakuwa na ushahidi wa kujilinda nao pindi akisingiziwa.

Nimeambiwa kwamba wenzetu wa Mkoani wana masuali kuhusu mahabusu wanaohamishiwa Unguja bila ya familia kuarifiwa, na kwamba Mheshimiwa Hakimu angependa kuyajibu mwenyewe kwa upande wa mahkama. Namkaribisha.